Meza Nyuma ya Picha

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu niliamini kabisa kwamba mama mkwe wangu ananichukia. Ushahidi nilikuwa nao mkononi kila siku, mchana na jioni, nao ulikuwa sahani yake. Ilikwenda chumbani kwake imejaa, ikarudi imeguswa pembeni tu, kama vile amepita panya mwenye adabu. Kijiko kilikuwa kimelazwa juu kwa heshima zote. "Asante, mkamwana, nimeshiba," alikuwa akisema, naye amekula matonge matatu.

Mimi ni mzaliwa wa Lusahunga, pale njia panda ya Rusumo. Mama yangu aliwapikia madereva wa malori, na nimekulia katikati ya masufuria, watu wakila wamesimama, wengine wamekalia tairi, wengine mguu mmoja umeshapanda garini. Kwetu, mtu akila mbele yako na kulamba vidole, huko ndiko kukusifu. Utingo mmoja aliyekuwa akirudia mchuzi mara tatu ndiye aliyenioa, akanipeleka kwao Ngara, kwenye kilima chenye migomba, ng'ombe watatu na mama yake. Baba yake alikuwa amefariki miezi minne kabla.

Siku ya kurudi kwenye lori lake, mume wangu alinivuta hadi nyuma ya zizi. Alisema mama yake anaisha, kwamba gauni alilovaa msibani sasa lingewatosha watu wawili. Alikuwa anaogopa kwamba safari moja atarudi amkute amemfuata mzee. "Nakuomba umfanye ale," aliniambia. "Jambo lingine lolote ukilishindwa, sitakuuliza." Nilimjibu aondoke bila wasiwasi. Mtoto wa mama ntilie kuambiwa alishe mtu mmoja, tena mtu mwenye meno yote!

Basi nikapika. Nilianza na vitunguu vya kukaanga, nikaviacha nikidhani ndivyo vinavyomkera. Nikapika mchicha wa kule, lengalenga, kwa karanga, nikapika ndizi na maharage mpaka mchuzi ukawa mzito, nikachinja jogoo aliyekuwa akiniamsha. Sahani ilirudi vile vile. Nilikuwa nikimwekea chakula kwenye mkeka na kukaa naye, maana nilifundishwa kwamba kumwachia mtu chakula na kuondoka ni kama kumtupia. Nilimtazama kwa upendo wote, nikimhesabia matonge. Yeye alitazama ukuta. Siku moja nilichukua ile sahani hadi kwenye migomba, nikaimwaga chini yote na kulia kwa hasira, kisha nikaingiwa na hofu kwamba jirani ameona chakula kikimwagwa katika mwaka kama ule.

Nasema mwaka kama ule kwa sababu bonde la upande wa pili lilikuwa limefunikwa na maturubai ya wakimbizi. Kutoka kwetu ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Kulikuwa na mambo mazito kambini, na sitajifanya sikuyasikia. Walikuwamo waliokikimbia kifo na walikuwamo waliokipeleka kwa wenzao, na kwa kumtazama mtu usingejua yupi ni yupi. Sisi wa vijijini tulipoteza miti ya kuni, wengine mbuzi, wengi usingizi. Lakini kulikuwa pia na soko, na soko hilo lilishinda la mjini kwetu kwa mbali.

Katikati ya soko, kando ya barabara, palikuwa na jengo refu la miti na turubai ambalo sifa zake zilifika Mwanza, na kwa maneno ya wenyewe zilifika Ulaya. Tuliliita nyumba ya picha. Humo walifanya kazi wanawake waliotoka ng'ambo ya mto wa mpakani, ambako desturi ni kupamba kuta za ndani ya nyumba. Walichanganya mavi mabichi ya ndama na majivu, wakayafinyanga juu ya mbao yakasimama kama matuta membamba ya shamba, yakikauka wakayapaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Ilikuwa ni mistari tu, inapanda na kushuka na kukutana, lakini ukiitazama sana unaona kama inatembea. Wageni wa magari meupe walikuja kila wiki. Walipita polepole, mikono nyuma, wakinong'ona kama wako kanisani.

Na kwa kuwa mgeni akishatazama huona njaa, kuizunguka nyumba ile kuliota maduka na hoteli. Hoteli kwetu si mahali pa kulala, ni mahali pa kula. Kulikuwa na vitenge vilivyoning'inizwa hadi vinakupiga usoni, sahani za bati zenye maua, betri, sabuni za vipande, koroboi zilizotengenezwa kwa makopo ya mafuta ya msaada, na fundi wa baiskeli aliyekuwa na kioo kikubwa cha kujitazama, ambacho mpaka leo sijui alikuwa na kazi nacho gani. Hoteli iliyokuwa bora ilikuwa ya mama mmoja kutoka Kabanga, aliyezoea kuuzia abiria wa mabasi pale mpakani. Alikuwa na sauti ya kusimamisha basi na mkono mzito wa kupakua nyama.

Mama mkwe wangu hakuwa na habari na yote hayo. Tangu mzee afariki alikwenda kanisani, shambani na zizini tu. Kambi ndiyo iliyomfuata nyumbani. Asubuhi moja aliingia uani mwanamke wa umri wake, mrefu, amejifunga kitenge kilichofifia lakini kilichonyooshwa kama cha sikukuu, ameshika ndoo. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, kisha akamgeukia mama na kuanza kumsalimia kwa lugha yake. Kihangaza cha mama na lugha ya mgeni huyo zinapatana kama ndugu wa baba mmoja, kwa hiyo waliendelea bila kunihitaji, nami nikabaki mdomo wazi na Kiswahili changu. Baadaye nilifafanuliwa kwamba anafanya kazi nyumba ya picha na anaomba mavi ya ndama wetu. Ya ng'ombe mzima hayafai, yana majani marefu.

Alirudi kila wiki, akachukua ndoo yake, akaacha kipande cha sabuni au kikombe cha chumvi. Ndiyo maana sisi ndio watu pekee kijijini tuliokuwa na haki ya kujidai kwamba zizi letu linatazamwa na wazungu. Niliwaambia hivyo majirani mpaka wakanichoka. Mama mkwe alitabasamu mara moja niliposema. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza mimi kuliona, na kwa jinsi mashavu yake yalivyokuwa yameingia ndani, lilinitia uchungu badala ya furaha.

Hapo ndipo nikapata akili yangu ya Lusahunga. Niliona kwamba mama anahitaji kutoka, kuona watu na kuonwa. Nitampeleka akatazame picha zilizotokana na ndama wake, tununue vitu vidogo vidogo, kisha tukale hotelini kama mabibi. Alikubali kwa sababu ya picha. Habari ya chakula sikumwambia. Nilitaka kumshtukiza.

Nyumba ya picha ilimpendeza kuliko nilivyotarajia. Alipita kila ubao, akasogeza pua karibu kabisa kwenye mmoja, akatangaza kwamba huu ni wa ndama wetu mdogo, yule mwenye kipaku. Nilimwuliza amejuaje. Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. Kisha tukazunguka madukani, akachagua bakuli moja la bati lenye maua mekundu, akalishika muda mrefu na kulirudisha, akasema la nini tena kwa mtu mmoja. Neno hilo lilinipita. Sikujua nimepewa ufunguo, nikauacha chini.

Hotelini nilichagua meza nzuri kuliko zote, ya mbele kabisa, inayotazamana na barabara na mlango wa nyumba ya picha. Nilimkalisha uso ukielekea watu, ili wapita njia waone jinsi ninavyomtunza. Nikaagiza wali, nyama, ndizi na mchicha. Mama wa Kabanga alileta mwenyewe, akapaza sauti kwamba leo tumepata mgeni mkubwa, na watu wa meza nyingine wakageuka.

Mama mkwe wangu alishusha kanga mpaka kwenye nyusi. Mikono yake aliiweka mapajani na haikuondoka hapo. Nilimbembeleza. Nikamsogezea sahani. Nikamkatia nyama vipande vidogo kama anavyokatiwa mtoto, mbele ya watu wote wale, na nikazidi kumbembeleza kwa sauti. Niliona chozi likimdondokea kwenye kanga. Hapo mori ukanipanda kweli kweli. Nilimwambia maneno ambayo mkamwana hasemi. Nilimwambia, "Mama, kama chakula changu hukitaki na cha watu hukitaki, basi sema unataka nini, nimweleze mwanao."

Akaivuta kanga mpaka puani. Nilitoka nje na kusimama kando ya mlango wa nyumba ya picha. Yule mama wa picha alikuwa amekaa pale na mikono yake ikiwa na majivu, na alikuwa ameona yote. Nilidhani atanionea huruma. Aliniambia kwa Kiswahili chake, polepole, ili nisipoteze hata neno:

"Umemuweka mama yako barabarani. Mutu mukubwa kula mbele ya watu ni sawa na kuoga mbele ya watu. Na mbele ya mukamwana ni vibaya zaidi."

Nikamuuliza, sasa mbona alikuwa anakula zamani. Akasema mama mwenyewe alimsimulia, alikuwa anakula na mume wake. Walikuwa wakishusha pazia, wanakula wawili. "Na sasa atakula na nani?" aliniuliza. "Mimi pia, yangu amekufa. Mutu akikula peke yake, chakula kinakuwa kama dawa."

Sina maneno ya kueleza aibu iliyonishika. Miezi yote ile nilikuwa nikikaa naye mkekani, namkodolea macho, namhesabia matonge, na kila nilipomkodolea nilikuwa nikimfunga kinywa. Niliapa moyoni kwamba nitamwomba radhi, lakini mama wa picha hakuningoja. Alinawa mikono. Akaingia ndani, akatoka amekumbatia ubao mkubwa kuliko wote, wenye urefu wa mlango, ambao rangi yake nyekundu ilikuwa bado haijamalizika. Akaupeleka hotelini, akausimamisha kwenye kona kati ya nguzo mbili, picha ikitazama nje. Nyuma yake ilibaki nafasi ya benchi moja na meza ndogo. Kisha akaenda kwa mama mkwe wangu, akamshika kiwiko na kusema naye kwa lugha yao, akamwinua na kumpeleka nyuma ya picha. Akarudi kuchukua sahani. Mimi hakunitazama.

Nilibaki mbele ya ubao kama askari wa benki. Mwanzo sikusikia kitu. Halafu nikasikia kijiko. Halafu maneno ya chini chini, kijiko tena, na baadaye sana kicheko, kifupi, cha mtu aliyesahau kidogo. Mama wa Kabanga alikuwa amesimama na mwiko wake, kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Sahani ilipotoka ilikuwa nyeupe. Nilikwenda jikoni kwake nikalia, na aliponiuliza nikasingizia moshi.

Njiani kurudi niliomba radhi. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nyama ilikuwa na chumvi nyingi. Nikajua nimesamehewa.

Tangu siku hiyo kila siku ya soko tulikwenda. Mimi nilinunua mahitaji, wao wakala nyuma ya picha, kisha wakazunguka madukani wameshikana mikono, wakigusa vitenge bila nia ya kununua na kuwachosha wauzaji. Lile bakuli la maua mekundu alilinunua. Nyumbani nilijifunza kuweka chakula, kushusha pazia na kwenda mbali, mbali kabisa, nikapiga kelele na vyombo uani ili ajue niko huko. Hakula sana kama alivyokula sokoni, lakini alikula, maana siku ya soko ilikuwa karibu. Mume wangu aliporudi aliiona blauzi ya mama yake imebana mabegani, akanitazama. Usiku ule aliniletea maji ya kuoga mwenyewe, jambo ambalo kwa wanaume wa kule si dogo.

Ubao ule ulimalizika rangi ukiwa pale pale hotelini. Kazi yangu ikawa kuulinda. Wageni wa magari meupe walitoka nyumba ya picha, wakauona, wakasema huu ndio mzuri kuliko yote, unauzwaje? Nilijibu hauuzwi, una kazi. Mmoja alitaka kuzunguka aone umetengenezwaje kwa nyuma. Nilitanua mikono na kanga yangu, nikamwambia nyuma hakuna ruhusa, kuna watu wakubwa. Mkalimani wake alimweleza sijui nini, mgeni akainamisha kichwa kwa heshima na kurudi nyuma. Nadhani aliambiwa kuna maombi.

Huyo mama wa picha sikuwahi kumuuliza ameacha nini kwao wala ameona nini, na mama mkwe wangu hakuuliza. Nilichojua ni kwamba alianza kuja kwetu hata asipohitaji mavi ya ndama.

Kisha, miaka miwili na ushee baada ya kambi kufunguliwa, likatoka tangazo kwamba wote wanarudi kwao kabla ya mwisho wa mwaka. Tulisikia redioni. Mama mkwe aliniuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Jioni ile sahani ilirudi imeguswa pembeni tu. Siku ya pili ikawa vile vile. Ya tatu aliamka mapema, akamenya ndizi mwenyewe, akapika na maharage na kipande cha nyama niliyokuwa nimeibanika, akafunga kwa majani ya mgomba ndani ya kapu, akatia lile bakuli la maua mekundu. Alisema mtu hatembei safari ndefu na tumbo tupu, na yule hatakula njiani, kwa sababu njiani ni mbele ya watu.

Tulifika barabarani tukashindwa kuvuka kwenda upande wa kambi. Watu walikuwa wamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, na magodoro, na masufuria, na watoto migongoni, wote wakielekea upande mmoja, na vumbi, na hakuna aliyekuwa anazungumza. Mama mkwe alisimama na kapu lake, akiwatazama wanawake warefu mmoja mmoja. Nilisogea huku na huko nikiuliza mama wa picha, mama wa picha, na watu walinipita kama sionekani. Tulisimama mpaka jua likawa utosini. Mama akachoka kusimama, nikamshika, nikampeleka sokoni akapumzike.

Soko lilikuwa halipo tena. Nyumba ya picha ilikuwa imebaki nguzo tu, turubai limeng'olewa. Mama wa Kabanga alikuwa amefunga masufuria yake anangoja gari. Alituonyesha kona kwa kidole. Ubao ulikuwa umesimama pale pale kati ya nguzo mbili, benchi na meza nyuma yake vimefutwa vumbi. Ila ulikuwa umegeuzwa. Miaka yote picha ilitazama wapita njia, na waliokula walitazama mbao tupu. Sasa mbao tupu zilikuwa nje, na picha ilitazama benchi.

Alikuwa amepita alfajiri, mama wa Kabanga alisema. Aliugeuza, akakaa kidogo, akaenda. Aliacha neno kwamba ubao ni wa mama wa ndama.

Mama mkwe wangu aliingia nyuma ya ubao na kapu lake. Nilisogea mbali kama nilivyojifunza, hadi kwenye nguzo za nyumba ya picha, nikaelekeza uso barabarani. Nilisubiri kijiko. Sikukisikia. Nilijiambia yameanza upya, na safari hii sina wa kumkimbilia. Nilijiona nikimweleza mume wangu nyuma ya zizi.

"Mkamwana."

"Abee, Mama."

"Njoo."

Nilidhani ananiita nichukue kapu. Nilipozunguka ubao nikamkuta amefungua majani, ndizi zimeshapoa, amezigawa mafungu mawili ndani ya bakuli. Alikuwa amesogea mwisho wa benchi na ile nafasi nyingine ilikuwa wazi. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilisema, Mama, mimi ni mkamwana, nitakuondoa hamu ya kula. Alinivuta kwa kanga nikakaa. Akachukua ndizi kwa vidole vyake, akala, mbele yangu, akitazama ile mistari myekundu na myeupe inavyopanda na kushuka.

Mimi mtoto wa Lusahunga, niliyekula mbele ya madereva wa nchi nne, nilitia tonge mdomoni nikashindwa kulitafuna kwa aibu. Likakaa shavuni. Machozi yalikuwa yananitoka na pua pia.

"Tafuna, mwanangu," alisema. "Hakuna anayekuona."

Tuliubeba ubao ule hadi nyumbani, yeye mbele na mimi nyuma, tukipumzika kila kilima. Pazia tuliling'oa, tukausimamisha mahali pake, picha ikitazama ndani. Mume wangu alipofika mwisho wa mwezi alisimama upande wa mbao tupu akauliza kama kuna chakula. Mama yake alimeza kwanza, ndipo akamjibu kwamba kipo, angoje uani, tunakula.